Kuazima Ungo, Kukopa Uwele

Katika kijiji tulichokaa utotoni mwangu, mashariki ya mji wa Dodoma, jirani yetu wa karibu alikuwa mke wa mwalimu, mama mmoja mzaliwa wa pwani. Bibi yangu alikuwa akinituma kwake karibu kila wiki. Siku moja nilitumwa vitu viwili kwa safari moja: ungo wa kupepetea na kibaba cha uwele. Nilipofika nikaamkia, kisha nikasema, "Bibi anaomba kuazima ungo na uwele." Yule mama alicheka, akanipa vyote viwili, lakini hakuniacha niondoke kabla ya kunisahihisha. "Mwanangu," alisema, "ungo mnaazima, uwele mnakopa. Au bibi yako atanirudishia punje hizi hizi?"

Nilichukua miaka mingi kutambua kwamba siku ile, mlangoni pa nyumba ya mwalimu, nilifundishwa kanuni moja kubwa ya sheria ya mali. Kanuni hiyo ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa katika ardhi ya Ugogo kwa njaa na kwa madeni. Nia yangu katika makala hii ni kuifuatilia, kwa sababu naamini Kiswahili kinayo maneno yake, na kwamba maneno hayo yako hatarini kupotea wakati ule ule tunapoyahitaji zaidi.

Tuanze na kanuni yenyewe. Kuna vitu ambavyo kimoja hakiwezi kusimama mahali pa kingine. Ungo wa mama yule ulikuwa na ukindu uliolegea upande mmoja na alama ya moto ukingoni. Kumrudishia ungo mwingine, hata kama ni mzuri zaidi, si kumrudishia ungo wake. Kuna vitu vingine ambavyo havina uso wala jina. Kibaba cha uwele ni kibaba cha uwele. Anayekipokea hukitia chunguni, na kinakwisha. Anachodaiwa ni cha aina ile, kwa kipimo kile, kwa ubora ule.

Wanasheria wa Roma walivitambua vitu vya namna ya pili kwa kusema kwamba ni vile vinavyohusiana na uzani, idadi au kipimo: nafaka, divai, mafuta, fedha. Mkopo wa vitu hivyo waliuita mutuum, na Gaius, mwalimu wa sheria wa karne ya 2, alilieleza neno hilo kwa kusema kwamba kilicho changu kinageuka kuwa chako. Wataalamu wa lugha wa leo hawaikubali asili hiyo ya neno, lakini kama maelezo ya sheria ni sahihi kabisa. Ukinikopesha uwele, uwele unakuwa mali yangu, na wewe unabaki na deni tu mkononi. Ukiniazima ungo, ungo unabaki wako hata ukiwa nyumbani kwangu.

Mafakihi wa Kiislamu waliufikia mpaka huo huo kwa njia yao, na hapa ndipo mpenzi wa Kiswahili anapopaswa kusimama na kutega sikio. Vitu vya namna ya pili, vile vyenye mfano sokoni, waliviita kwa neno la Kiarabu linalotokana na mithl. Vitu vya namna ya kwanza, ambavyo vikipotea havina budi kuthaminiwa, waliviita kwa neno linalotokana na qima. Sisi tunayo yote mawili. Tunasema "mithili ya" tunapolinganisha, na tunasema "kima" tunapotaja thamani. Tena mithili ina shina moja na methali. Mkopo wa vitu vyenye mithili nao una jina lake katika fikihi, qard, ambalo kwetu limekuwa karadha. Kwa upande mwingine, kuazima halina uhusiano na azimio, ambalo ni neno la Kiarabu lenye maana ya kukusudia. Kufanana kwao ni kwa sauti tu.

Neno kukopa lina kisa chake. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalipa maana mbili: kuchukua kitu kwa deni, na kupata kitu kwa hila. Mkopi alikuwa mdaiwa, na alikuwa pia laghai. Sidhani kwamba maana hizo zilikaa pamoja kwa bahati. Aliyeazima ungo unaweza kumfuata na kuuchukua ungo wako, maana unaujua. Aliyekopa uwele ukimfuata hutaukuta. Umebaki na ahadi yake peke yake, na lugha iliona mapema kwamba ahadi hiyo yaweza kuwa ya kweli au ya uongo.

Sasa twende Ugogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Tabora haikuweza kuikwepa nyanda hii kame. Maji yalikuwa machache, na yalikuwa na wenyewe. Watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliopita, na hongo ililipwa hasa kwa nguo: merikani, kaniki, na vitambaa vya rangi, pamoja na shanga na waya. Nguo zilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ilifanya shuka, na mikono 8 ilifanya doti. Richard Burton aliyepita mwaka 1857, na Henry Morton Stanley aliyepita mwaka 1871, wote wawili wameacha malalamiko marefu kuhusu siku walizozipoteza wakibishana na watemi.

Ukiyasoma malalamiko hayo kwa jicho la sheria, unagundua kwamba ubishi mwingi haukuwa kuhusu idadi peke yake. Msafiri alihesabu doti. Mtemi aliuliza ni doti za nguo gani. Doti ya merikani ilikuwa mithili ya doti nyingine ya merikani, lakini haikuwa mithili ya doti ya kitambaa cha rangi. Msafiri aliona ukaidi. Mimi naona mtu anayejua kwamba kipimo peke yake hakitoshi, na kwamba aina ni nusu ya deni.

Ng'ombe walikuwa jambo jingine. Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ng'ombe na ukoo wa Wagogo mwaka 1969, anaeleza desturi ya mwenye mifugo mingi kuwaweka baadhi ya wanyama wake katika mazizi ya watu wengine. Desturi hii inajulikana kwa wafugaji wengi wa Afrika Mashariki. Anayewekewa hupata maziwa na samadi, na mwenye ng'ombe hubaki kuwa mwenye ng'ombe na ndama. Mifugo ikitawanywa hivyo, ukame au ugonjwa wa bonde moja hauwezi kuwamaliza wote. Ng'ombe hao hawakukopeshwa. Waliazimwa, au tuseme waliwekwa amana. Kila mmoja alijulikana kwa rangi yake, pembe zake na mama yake.

Tofauti hii si ya maneno matupu, kwani ndiyo inayoamua nani anabeba hasara. Ng'ombe wa amana akifa kwa ukame bila uzembe wa mtunzaji, msiba ni wa mwenye ng'ombe, kwa kuwa mali iliyokufa ni yake. Mtunzaji hadaiwi ng'ombe mwingine; anadaiwa ushahidi na maelezo. Lakini aliyekopa gunia la mtama akalipanda, na mvua isinyeshe, bado anadaiwa gunia. Mali iliyoharibika ardhini ilikuwa imekwisha kuwa yake. Basi katika nchi ya ukame kama hii, kumwambia mtu "nimekuazima" au "nimekukopesha" ni kuamua mapema nani atalia mvua ikikosekana. Mafakihi wenyewe walitofautiana kuhusu wanyama: Wahanafi walikataa mnyama asikopeshwe kwa karadha, kwa kuwa hana mithili ya kweli, na wengine wakaruhusu. Mfugaji wa Ugogo angeuelewa mjadala huo bila kufasiriwa.

Kisha ikaja Mtunya. Hilo ndilo jina la njaa iliyoikumba nchi hii kuanzia mwaka 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilipita Ugogo ikichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, kwanza kwa mkono wa Wajerumani, kisha kwa mkono wa Waingereza walioingia mwaka 1916. Mvua zilipokosekana baada ya hapo, watu hawakuwa na akiba ya kuwavusha. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma walikufa watu wapatao 30,000 kati ya 150,000.

Naileta njaa hii hapa kwa sababu inaonyesha pale ambapo kanuni nzuri ya mithili inapasuka. Kanuni inasema: ulichukua debe, rudisha debe. Debe ni debe. Lakini debe la uwele mwezi wa Julai, baada ya mavuno, na debe la uwele mwezi wa Februari, vilindo vikiwa vitupu, ni vitu viwili vinavyofanana kwa macho na kutofautiana kwa uhai. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili hivi. Mkulima hulima akiwa na njaa na huvuna mara moja. Anayekopa Februari anakopa uhai wa watoto wake, na anayelipa Julai analipa nafaka. Ndiyo sababu hadi leo utamsikia mtu akipokea gunia moja wakati wa njaa kwa ahadi ya kulipa mawili wakati wa mavuno, na pande zote mbili zikaona kwamba hazikudhulumiana, au zikanyamaza tu.

Mafakihi waliliona tatizo hili. Waliuliza: mithili ikikatika sokoni, nafaka isipatikane popote, mdaiwa atalipa nini? Walijibu kwamba atalipa kima. Ndipo likaja swali gumu zaidi: kima cha siku gani? Katika suala la mali iliyoporwa, Abu Hanifa alisema kima cha siku ya kufika mbele ya kadhi. Mwanafunzi wake Abu Yusuf alisema cha siku mali ilipochukuliwa. Mwanafunzi wake mwingine, Muhammad, alisema cha siku mithili ilipokatika. Walikuwa watu watatu wa madhehebu moja na majibu matatu, na kila jibu linamwinua mmoja na kumwangusha mwingine. Nawaza juu ya swali hilo kila ninapoifikiria Mtunya. Bei ya debe siku ilipokuwa haipatikani kwa bei yoyote ni ipi?

Simulizi za njaa hiyo zinataja watu walioacha makwao kwenda kuhemea katika nchi jirani, na zinataja watoto waliowekwa rehani kwa chakula. Sina njia ya kulisema hili kwa ulaini. Upande mmoja palikuwa na nafaka, kitu kisicho na uso, na upande wa pili palikuwa na mtoto, ambaye hana mithili duniani. Kuna wazazi waliorudi na nafaka wakamkomboa mtoto wao. Kuna ambao hawakurudi.

Katika mwaka huo huo wa 1917 alizaliwa, huko Ihumwa karibu na Dodoma, Mathias Mnyampala. Wasomaji wa mashairi wanamjua kwa diwani yake na kwa ngonjera, bahari aliyoieneza kupitia UKUTA. Ni wachache wanaokumbuka kwamba riziki yake aliipata katika utumishi wa serikali na wa mahakama, na kwamba mwaka 1954 alichapisha kitabu cha Kiswahili kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Malenga na mtu wa mahakama walikuwa mtu mmoja. Aliyapima maneno asubuhi katika kesi na jioni katika beti, na nadhani kazi hizo mbili hazikuwa mbali kama tunavyodhani leo.

Utawala wa Kiingereza ulileta sheria yake kwa mzunguko. Mikataba ya Tanganyika iliamuliwa kwa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, hadi Tanganyika ilipopata yake mwaka 1961, nayo ikafuata kwa kiasi kikubwa kielelezo cha ile ya India. Ndani ya sheria hiyo ya India mna kanuni kuhusu anayetunza mali ya mwenzake akaichanganya na yake. Akichanganya kwa ridhaa ya mwenye mali, wote wawili wana fungu katika mchanganyiko kulingana na kila alichotia. Akichanganya bila ridhaa, na vitu vikawa havitenganishiki, analipa hasara. Mfano uliotolewa humo ni wa pipa la unga mzuri lililochanganywa na unga wa bei ya chini. Unga, tena! Yule mama wa pwani angeifundisha sheria hiyo bila kitabu.

Leo kanuni hiyo inaishi katika maghala. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 ilimwezesha mkulima kupeleka mazao ghalani, yakapimwa uzani na kupangiwa daraja, naye akapewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo haimwahidi magunia yake yale yale aliyoshona kwa mkono wake. Inamwahidi uzani ule wa zao lile la daraja lile. Mazao yake yamepoteza uso ili yapate nguvu: stakabadhi yaweza kuuzwa, na yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Lakini nguvu hiyo yote imesimama juu ya mizani na daraja. Mizani ikidanganya, mkulima hana pa kushika, maana hawezi kuonyesha gunia na kusema "hili ni langu". Katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, kila mtu anajua maana ya rumbesa, gunia lililojazwa hadi likaota kichwa, linalohesabiwa moja na kulipwa moja. Rumbesa ni wizi unaofanyika ndani ya neno "gunia".

Wazee wetu wa pwani walikuwa na kinga dhidi ya wizi huo, nayo ilikuwa kinga ya lugha. Hawakusema "kibaba" wakaishia hapo. Walisema kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa kwa mkono hadi ukingoni, au kibaba cha tele, kilichofurika. Vibaba 4 vilifanya pishi, na pishi nayo ilikuwa ya mfuto au ya tele. Neno moja la nyongeza lilifunga mlango wa ugomvi.

Mwezi Februari mwaka 2021 Bunge, likikaa hapa hapa Dodoma, lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Tangu hapo kazi ya kufasiri sheria imekuwa mbele yetu, na kila mfasiri atafika kwenye neno hili: mali ambayo sehemu yake moja yaweza kusimama mahali pa nyingine. Nimeona watu wakiliepuka kwa sentensi ndefu kama hiyo niliyoiandika sasa hivi. Mimi ningependekeza tuseme mali ya mithili, na kinyume chake mali ya kima. Ni maneno yetu, yana karne nyingi katika vinywa vya watu, na yanashikamana na mafunzo ya fikihi yaliyokwisha kuchambua kila pembe ya jambo hili. Ila kabla ya hayo, tulinde maneno mawili ya jikoni. Siku hizi nasikia "niazime elfu kumi" na "nikopeshe kalamu yako" kana kwamba ni mamoja. Atakayezoea kusema hivyo atasaini siku moja karatasi ya mkopo akidhani ameazimwa, na atashangaa anapodaiwa kitu kilichokufa bila kosa lake.

Washairi nao wana sehemu yao. Sisi tunaita hesabu ya silabi mizani, neno la sokoni, na tunajua kwamba maneno mawili yaweza kulingana kwa mizani na kwa kina, bado moja likawa sahihi na la pili likaharibu ubeti. Anayeijua siri hiyo ameshajua nusu ya sheria ya mali.

Bibi yangu alilipa uwele ule baada ya mavuno. Alinituma mimi. Tulikuwa tumekopa kibaba cha mfuto, na alinipa cha tele, akaniambia nitembee polepole nisimwage. Nilimuuliza kwa nini tunarudisha zaidi ya tulichochukua. Akasema jirani hakutuomba ziada, na angetuomba tusingempa. Fikihi inasema hivyo hivyo: ziada iliyowekwa sharti ni riba, na ziada iliyotolewa kwa hiari ni ihsani. Ungo tulikuwa tumeurudisha zamani, siku ile ile, ukiwa na alama yake ya moto ukingoni.